Taa ya mafuta, pedali ya freni: uangalie mwenyewe, umwite fundi wa barabarani, au upeleke garaji yenye vipimo?

Bukavu, huku Kongo mashariki, haina barabara tambarare ya kutosha kuficha kosa la gari. Taa nyekundu ya mafuta ya moteri inawaka ukipinda kona ya mteremko, inazimika ukifika chini. Pedali ya freni iliyokuwa imara asubuhi inakuwa laini jioni, baada ya kushuka kutoka Bagira. Ukisimama kando ya barabara, watu watatu watakushauri mambo matatu: mmoja atasema ufungue kapo (boneti) mwenyewe, wa pili atampigia simu fundi wake, wa tatu atasema usipoteze muda, peleka garaji yenye mashine.

Nina Toyota Carina ya 1997 yenye moteri ya 5A-FE, na njia zote tatu nimezipitia nayo. Moja ilinigharimu pompi ya mafuta ambayo haikuwa na kosa. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza fundi mzuri ni nani, najiuliza kwanza kosa lenyewe linaonekana kwa nini: kwa jicho, kwa mkono, au kwa kipimo peke yake.

Kwanza kabisa: gari linasogea au halisogei?

Jibu la swali hili halibadiliki, njia yoyote utakayoichagua. Taa ya mafuta ikiwaka na kubaki imewaka huku moteri ikizunguka, sogea kando pale pale panapokuruhusu usalama, uzime moteri. Taa hiyo yenye picha ya chombo kinachodondosha tone haipimi wingi wa mafuta. Inasema presha imeanguka: kwenye magari mengi swichi yake inawasha taa presha ikishuka hadi baa 0.3 hivi. Chini ya hapo mafuta hayawezi tena kutenganisha vilbrekeni (mhimili unaozunguka ndani ya moteri) na kusine zake (vyuma vyembamba vinavyoubeba), chuma kinasaga chuma, na dakika chache zinatosha kuua moteri ambayo ingepona kwa lita moja ya mafuta. Hata kama nyumbani ni pale unapopaona, gari livutwe.

Kwa freni, gari haliendeshwi ikiwa pedali inagusa sakafu, ikiwa inazama polepole ukiikanyaga na kuishikilia, au ukiona tairi limelowa kwa upande wa ndani. Haliendeshwi hata polepole, hata kwa kutegemea freni ya mkono. Barabara zetu zina watu wanaotembea ubavuni mwa magari, akina mama wenye mizigo mgongoni, watoto wanaotoka shule. Mteremko wa Kadutu hautakupa nafasi ya kumkwepa mtu.

Vigezo

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale: inaweza kuona nini kwenye mafuta, inaweza kuona nini kwenye freni, inakula pesa na muda kiasi gani, inakosea wapi, na inamfaa nani. Bei sitaziandika, maana hapa zinapanda na kushuka pamoja na dola. Uwiano wake haubadiliki sana: kuangalia ni rahisi kuliko kubadilisha, na kipande kilichokwisha kufungwa kwenye gari hakirudi dukani.

1. Kuangalia mwenyewe

Kwenye mafuta. Wengi wanadharau hatua hii kwa kuwa inaonekana ya kitoto, lakini taa nyingi za mafuta zinaishia hapa. Tafuta mahali tambarare kweli. Uwanja wa parokia au wa shule unafaa kuliko mbele ya nyumba, kwa sababu gari likiinama, ile fimbo ya kupimia, joji, inadanganya. Zima moteri, ngoja dakika tano hadi kumi mafuta yashuke, toa joji, ipanguse, irudishe hadi mwisho, kisha uisome. Tofauti kati ya alama ya chini na ya juu kwa kawaida ni kama lita moja. Mafuta yakiwa chini ya alama ya chini, na taa ilikuwa ikiwaka kwenye kona au kwenye mteremko, umekwisha pata maelezo: mafuta yanakimbilia upande mmoja wa karteri (bakuli la mafuta chini ya moteri), pompi inafyonza hewa. Jaza, halafu tafuta yanakokwenda, chini ya gari au kwenye moshi wa buluu.

Angalia pia yanavyoonekana. Mafuta yenye rangi ya kahawa na maziwa yameingiwa na maji, na hapo fikiria joenti ya kilasi (gasketi ya kichwa cha moteri). Yakinuka esansi (petroli), yamekuwa mepesi kupita kiasi na hayawezi kushika presha.

Kisha fanya jaribio la waya, ambalo kwenye Toyota za zamani zenye taa tu, bila mshale wa presha, linachukua dakika mbili. Swichi ya presha ina waya mmoja. Fungua kontakti (swichi ya ufunguo) bila kuwasha moteri: taa inapaswa kuwaka. Chomoa ule waya: taa inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali fulani na unagusa mwili wa gari. Taa hiyo haisemi lolote juu ya presha. Ukikuta mafuta ndani ya kichwa cha waya, swichi imepasuka kwa ndani na inavuja. Na kama taa haiwaki kabisa ukifungua kontakti, usifurahi: balbu imekufa, au waya umekatika, na siku presha ikianguka hakuna kitakachokuambia.

Kwenye freni. Taa nyekundu ya freni ina sababu zaidi ya moja. Shusha freni ya mkono hadi chini kwanza. Kisha angalia chupa ya mafuta ya freni. Kiwango kinashuka chenyewe kadiri plaketi (pedi za freni) zinavyolika, kwa hiyo kuongeza tu bila kuangalia plaketi ni kuificha habari uliyokuwa unapewa. Kwenye baadhi ya Toyota za zamani, taa ya freni na taa ya betri zikiwaka kwa pamoja, anza na alternata kabla ya kugusa freni.

Pedali yenyewe inazungumza. Ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa kwenye mabomba, au mafuta ya freni yamechemka. Ikizama ukiishikilia, mafuta yanavuja nje, au yanapita ndani ya metre-silendri (pompi kuu ya freni) bila kuonekana popote. Ikiwa ngumu kama jiwe, jaribu servo (kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga freni): moteri ikiwa imezimwa, kanyaga mara nne au tano, shikilia, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, servo inafanya kazi. Isiposhuka, angalia mpira wa hewa unaotoka kwenye moteri. Jua pia kwamba Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na servo inasukumwa na uzito wa hewa. Hapa uzito wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani, hivyo pedali iliyo ngumu kidogo kuliko ya gari lile lile likiwa Dar es Salaam si lazima iwe ugonjwa.

Pesa na muda. Asubuhi moja, kitambaa, na taa ya simu.

Inakosea wapi. Jicho halipimi presha. Haliingii kwenye tamburi (ngoma za freni) za nyuma. Na mwenye gari anaipenda habari njema: taa ikizimika baada ya kuongeza mafuta, anasahau kuuliza yalikwenda wapi.

Inamfaa nani. Kila mwenye gari, hata atakayelipeleka kwa fundi baadaye, kwa sababu anayefika akisema "inawaka kwenye ralanti, moteri ikiwa moto, inazimika nikigonga gazi" anatibiwa vizuri kuliko anayesema "taa inawaka." Ralanti ni moteri ikizunguka taratibu bila kukanyaga gazi.

2. Fundi wa barabarani

Huyu ndiye wengi wetu tunayemtegemea, na ninamtetea. Hana kibao, ana mtoto wa kazi anayejifunza, ana sanduku la funguo na kriki (jeki), na amekwisha fungua Carina, Corolla na Noah nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Anakuja gari liliposimama, jambo lenye thamani kubwa gari likiwa halipaswi kusogea.

Kwenye freni. Hapa ndipo anaponishinda mimi na mara nyingine anaishinda garaji. Makosa mengi ya freni za zamani ni ya kuonwa na kushikwa pindi tairi likitoka: plaketi iliyobaki karatasi (vitabu vingi vya Toyota vinaweka mwisho kwenye milimita 1, wenye busara wanabadilisha kwenye 3), etriye (kifaa kinachobana plaketi) iliyoganda, silendri ya nyuma inayolowesha garnitiri (bitana za freni za tamburi), fleksibo (bomba la mpira) iliyovimba. Gari linalovuta upande mmoja ukikanyaga, fundi mwenye mkono mzuri analijua kwa kuzungusha magurudumu mawili na kulinganisha. Mwombe afungue pande zote mbili, akuwekee vya kulia na vya kushoto chini, uone mwenyewe. Fundi mzuri haudhiki.

Kwenye mafuta. Sikio lake linatambua kusine zilizolegea: mlio mzito wa kugonga kutoka chini, moteri ikiwa moto. Anajua kuuliza swali muhimu kuliko yote, "ilianza lini?" Ikianza mara baada ya vidanji (kubadilisha mafuta), atatazama filtri. Wakati mwingine joenti ya mpira ya filtri ya zamani inabaki imeganda kwenye moteri, mpya inafungwa juu yake, na mafuta yanamwagika.

Lakini bila manometa (kipimo cha presha), sikio haliwezi kutenganisha swichi mbovu na pompi iliyochoka. Hapo ndipo nilipoumia. Taa yangu ilikuwa ikimetameta kwenye ralanti moteri ikipata moto. Fundi alisikiliza, akatikisa kichwa: "Mukubwa, hii ni pompi." Nikakubali. Kwenye 5A-FE pompi iko mbele, nyuma ya mkanda wa distribisyo (unaoendesha valvu), kwa hiyo kuitoa ni kushusha karteri na kufungua mkanda wote. Siku mbili za kazi, pompi ya okazyo (iliyokwisha tumika), joenti mpya. Taa ikarudi kumetameta jioni ile ile. Kosa lilikuwa la swichi, kipande kidogo kinachotoka kwa ufunguo mmoja. Fundi yule si mwongo. Alikosa chombo, nami sikumwuliza kama anacho.

Pesa na muda. Nafuu, na kwa freni mara nyingi siku hiyo hiyo. Patana bei ya kuangalia kabla ya bei ya kutengeneza, ziwe mbili tofauti.

Inakosea wapi. Mambo matatu nayakataa waziwazi, hata kwa fundi ninayempenda. La kwanza, kuingia chini ya gari lililoshikwa na kriki peke yake, tena kwenye mteremko. Jiwe nyuma ya tairi halitoshi, yatafutwe magogo au stendi. La pili, kupuliza vumbi la freni kwa mdomo au kwa pampu: garnitiri za zamani zinaweza kuwa na asbesto, loanisha kwa maji kwanza. La tatu, kumimina mafuta ya moteri au ya usukani kwenye chupa ya freni kwa sababu ndiyo yaliyopo. Mafuta hayo yanavimbisha mipira yote ya freni, na ukarabati wake ni mfumo mzima. Nunua chupa iliyofungwa, yenye maandishi DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha gari lako kinavyosema, uifungue wewe mwenyewe.

Inamfaa nani. Mwenye gari ambalo freni zake zinapiga kelele, zinavuta upande, au zinaonyesha kulika. Na yeyote ambaye gari lake haliwezi kusogezwa.

3. Garaji yenye vipimo

Kwenye mafuta. Hapa inakuja manometa, chombo kidogo kuliko sifa yake. Swichi inatolewa, manometa inafungwa mahali pake, moteri inapashwa moto kabisa, kisha inasomwa. Kwa moteri nyingi za Toyota za familia ya A (5A-FE ni mojawapo) za miaka ya 1990, kitabu kinadai walau baa 0.3 kwenye ralanti, na kati ya 2.5 na 5 kwa mizunguko 3,000. Namba zikiwa sawa na taa inawaka, badilisha swichi, uende nyumbani. Zikiwa chini kote, tafuta mafuta mepesi, kichujio cha karteri kilichozibwa na tope, pompi iliyolika. Zikiwa chini kwenye ralanti tu, moteri ikiwa moto, na mlio wa kugonga unasikika, kusine ndizo zinazosema. Angalia jambo moja: tundu la swichi kwenye Toyota lina uzi wa BSPT 1/8 (aina ya Kiingereza). Kifungio cha NPT (aina ya Kimarekani) kinakaribia kuingia, na kinaharibu uzi. Uliza kabla hakijakazwa.

Mashine ya kompyuta ambayo watu wanaisifia sana haikusaidii hapa. Moteri hizi hazina kihisio kinachotuma presha ya mafuta kwenye kompyuta. Zina swichi na taa, basi. Anayekuambia ameisoma presha ya mafuta ya Carina ya 1997 kwa kuchomeka kifaa chini ya dashibodi amesoma kitu kingine.

Kwenye freni. Kompyuta inafaa taa ya njano ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga freni) ikiwaka, kwa kuwa inaweza kutaja gurudumu lenye kihisio kilichokufa. Vipimo vingine ni vya chuma: kupima unene wa diski na jinsi inavyopepesuka wakati pedali inatetemeka mguuni, kupima maji ndani ya mafuta ya freni. Hicho cha mwisho ndicho ninachokiomba kabla ya safari ya Uvira. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 au zaidi. Ikishanyonya maji kwa takribani asilimia 3.7 kiwango chake kinaweza kuwa 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155. Kushuka mteremko wa Ngomo, kwenye barabara hiyo ya Uvira baada ya Nyangezi, mguu ukiwa kwenye freni muda wote, joto hilo linafikiwa, na pedali inashuka hadi sakafuni bila mvujo wowote. Ikiwa pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami, zilizochoka kwa moto ni plaketi. Haya ni makosa mawili tofauti, na anayeyachanganya anabadilisha kipande kisicho na hatia. Kwa yote mawili, teremka kwa gia ya pili, moteri ishike gari.

Pesa na muda. Ghali zaidi, pamoja na kuvutwa kama gari halisogei, na gari linaweza kulala huko.

Inakosea wapi. Orodha ndefu. Garaji yenye kodi na wafanyakazi ina sababu ya kubadilisha vitu vingi kwa mara moja. Omba namba zilizopimwa ziandikwe kwenye karatasi, na vipande vya zamani urudishiwe.

Inamfaa nani. Anayekaribia kutumia pesa nyingi: kufungua moteri, kununua pompi, au kununua gari lenyewe. Muuzaji anaweza kuweka mafuta mazito ya 20W-50 ili taa inyamaze siku ya kuonyesha. Manometa kwenye moteri iliyopata moto sawasawa ndiyo inayokuonyesha hali.

Kwa hali yako

Taa imewaka kwenye kona au mteremko, ikazimika: joji kwanza, wewe mwenyewe, kabla ya kuwasha tena.

Taa inametameta kwenye ralanti tu, moteri ikiwa moto, hakuna mlio wa kugonga: jaribu waya na swichi, kisha manometa popote ilipo. Baadhi ya mafundi wa barabarani wanayo. Muulize kwa simu kabla hajapanda pikipiki. Usikubali neno "pompi" bila namba.

Taa imewaka pamoja na mlio wa kugonga: zima, vuta, garaji.

Taa imeanza siku ya vidanji: mrudie aliyeifanya, filtri ifunguliwe mbele yako.

Freni zinalia, zinasaga, au zinavuta upande: fundi wa barabarani, kwenye kiwanja tambarare.

Pedali inazama: fundi aje kwako. Usiende kwake.

Pedali inatetemeka, au taa ya ABS inabaki: garaji.

Pesa ni kidogo na vyote viwili vina kosa, mafuta na freni: anza na freni. Moteri iliyokufa inakuacha kando ya barabara, freni iliyokufa haikupi nafasi ya kumkwepa mtu. Niliposema hivyo nyumbani, mke wangu aliuliza kwa nini basi gari lisibaki limeegeshwa hadi pesa za kutengeneza vyote viwili zipatikane, na wiki hiyo tulipanda taxi.